Diploma ya shule si leseni ya rubani
Hapa Lubumbashi, kijana akishuka uwanja wa ndege wa Luano na diploma ya shule ya urubani, mtaa mzima unamwita rubani. Bado. Shule inafundisha, leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, baada ya mitihani na cheti cha afya cha daraja la 1. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinadai saa 200 za kurusha ndege kwa leseni ya rubani wa biashara, au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Tofauti hiyo ya saa 50 ni pesa nyingi, wazazi! Kabla ya kulipa minervali (karo), omba hati ya idhini ya shule, usome tarehe yake na mafunzo yaliyotajwa. Picha ya ndege ukutani, hata kila duka la simu linayo.