Kwa nini nodi moja ibebe vielekezi viwili?

Je, wajua kwamba faida kubwa ya orodha yenye viungo pande mbili si kusomeka kinyumenyume? Kila nodi, yaani kipande kimoja cha orodha hiyo, hubeba data pamoja na vielekezi viwili, yaani anwani za mahali nodi nyingine zilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta: kimoja cha nodi iliyotangulia na kingine cha nodi inayofuata, na wengi wanaojifunza kuandika programu huhitimisha kwamba kielekezi cha pili ni njia ya kurudi nyuma tu, au kwamba huharakisha kutafuta. Kutafuta hakuharakishwi hivyo: anayetaka nodi ya katikati bado huzipitia nyingine moja baada ya nyingine. Kinachorahisishwa hasa ni kuondoa.

Chukua foleni ya zahanati mjini Moshi, ambako wagonjwa huketi popote penye nafasi na kila anayefika huuliza, "Wa mwisho nani?" Kila mtu humjua aliyemtangulia, na hilo latosha kuendesha foleni. Lakini mmoja akiamua kwenda zake, anayepaswa kuarifiwa ni yule aliye nyuma yake, ambaye yeye hamjui. Itabidi kuanzia kwa wa mwisho na kuuliza mmoja mmoja hadi apatikane. Laiti kila mtu angemjua pia aliye nyuma yake, anayeondoka angewatambulisha majirani zake wawili, basi. Foleni iwe ya watu 10 au 1,000,000, kazi ni ileile.

Kuchomeka nodi mpya katikati hugusa vielekezi vinne, na utaratibu wake una umuhimu: nodi mpya ishike kwanza anwani za majirani wote wawili, ndipo majirani waelekezwe kwake. Ukianza kwa kubadilisha kielekezi cha jirani wa kushoto, na anwani ya wa kulia haikuhifadhiwa kwingine, umeipoteza njia ya kumfikia.

Gharama nayo ipo. Katika kompyuta ya biti 64 vielekezi viwili kwa kawaida huchukua baiti 16, hata kama data yenyewe ni namba ya baiti 4. Tena faida ya kuondoa upesi ina sharti kwamba programu iwe tayari imeishika nodi husika. LinkedList, orodha iliyo tayari katika lugha ya programu ya Java, ina viungo pande mbili, lakini ukiiagiza iondoe kitu fulani, huanza kukitafuta toka mwanzo. LinkedHashMap, ya Java vilevile, hutimiza sharti hilo kwa ustadi wa kupendeza: jedwali la hashi, linalokokotoa mahali kitu kilipo kutokana na ufunguo wake, huikabidhi nodi bila kuipitia orodha, kisha vielekezi viwili huichomoa.