Famasi imekunyima diazepam ya mtoto? Soma hapa kwanza

Malalamiko yamekuwa mengi hapa Mwanza, mzazi ana mtoto anayepata degedege mara kwa mara, kaenda famasi kununua diazepam (dawa ya kukatisha degedege) ya kukaa nayo nyumbani kanyimwa, anaona ni roho mbaya. Sio roho mbaya jamani. Hiyo ni dawa yenye udhibiti, inauzwa kwa cheti cha daktari, na cheti kiwe na jina la mtoto, umri, uzito, kipimo, tarehe na sahihi, halafu mfamasia anaandika kwenye rejista na wakaguzi wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wakija, ampuli (vichupa vidogo vya dawa ya sindano) zilizotoka lazima zilingane na vyeti, zisipolingana ni kesi chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, na leseni inaweza kwenda. Kwa hiyo kufahamiana hakusaidii.

Cha kufanya, muombe daktari kliniki akuandikie mpango wa dharura, hasa nyie wa Ukerewe na Kome ambako usiku kupata usafiri ni mtihani.

Degedege likianza angalia saa. Mlaze ubavu, usimtie kijiko, maji wala kidonge mdomoni. Mara nyingi linaachia lenyewe. Likifika dakika 5 ndo dawa inahitajika, na diazepam hii inaingizwa kwa njia ya haja kubwa, dawa ya ampuli kwenye bomba LISILO na sindano, kisha unabana makalio dakika chache isirudi nje. Kipimo cha WHO ni miligramu 0.5 kwa kila kilo, yani mtoto wa kilo 10 ni miligramu 5, ila wewe fuata kilichoandikwa kwenye cheti chako, sio cha mtoto wa jirani. Usirudie dozi nyumbani, inaweza kuzima pumzi, sisi hospitali tukirudia tuna ambu bag (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa) pembeni.

Ipo pia midazolam, inawekwa kati ya shavu na fizi. Utafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, uliotoka 2008 ulihusisha watoto 330, na kwa wasio na malaria ilizidi diazepam katika kukatisha degedege. Kichanga ni habari nyingine, kwake tunaanza na phenobarbital (dawa nyingine ya degedege), mkimbize tu hospitali.

Na hili la "mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa" kwa kweli limetuchosha. Anafukizwa moshi hadi asubuhi, analetwa hajitambui, tunamchoma, akifa lawama kwa sindano! Huku kanda ya ziwa degedege na homa inaweza kuwa malaria kali, dawa yake ni artesunate ya sindano, na sukari ikishuka inampeleka haraka, vyote hivyo hakuna moshi unaovitibu.

Hata likiachia baada ya dawa, mlete. Njoo na ampuli tupu na useme saa ngapi lilianza na saa ngapi ulimpa, maana tusipojua tunashindwa kuamua kama tumuongeze au tuhamie phenobarbital.