Darubini ya mara 20 haikuonyeshi ndege vizuri zaidi

Wengi wanaosimama Capri Point, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kutazama ndege wa kisiwa cha Saanane huamini darubini inayokuza zaidi ndiyo bora. Si kweli. Ya mara 20 hukuza pia mtetemeko wa mikono, na mchana hewa ya moto juu ya maji humfanya furukombe aonekane anayeyuka.

Soma namba zake. 8x42 maana yake inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8: mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 5.25. 20x50 hutoa 2.5 tu, na alfajiri, saa tamu kuliko zote ziwani, picha inafifia. Ningechukua 8x42 bila kusita. Ya mara 20 inahitaji stendi.