Hita ya nyumba ikigoma wakati wa baridi: dhana potofu na ukweli

Wengi wetu tuliohamia Marekani na Kanada kutoka Kigoma, Goma, Bujumbura au Mombasa hatukukulia na mashine ya gesi inayopasha joto nyumba nzima. Tunayoyajua kuihusu tumeyaokota kwa majirani, na mengine yanatuingiza hasara bure.

Dhana: Ukipandisha thamostati (kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto) hadi 85, nyumba itapata joto haraka.
Hita nyingi za nyumbani zina kiwango kimoja tu cha moto. Ukiweka 70 au 85 za Fahrenheit, moto ni uleule na kasi ni ileile. Tofauti ni kwamba ukiweka 85 haitazima mapema, na bili utaiona mwisho wa mwezi.

Dhana: Hita ikipuliza hewa baridi, imekufa.
Kabla ya kumpigia fundi, tazama thamostati. Feni ikiwa kwenye "ON" badala ya "AUTO", itapuliza muda wote, hata moto ukiwa umezimwa. Kama si hilo, nenda kwenye filta, chujio la hewa inayoingia kwenye hita. Ichomoe uiinue mbele ya taa; ikiwa mwanga haupenyi, hata hewa haipiti. Hewa isipopita, chuma kinachopokea moto ndani ya hita huzidi joto, swichi ya usalama inakata gesi, na feni inaendelea kupuliza ili kukipoza. Hiyo ndiyo hewa baridi unayoisikia. Moto hurudi, kisha hukatika tena, na watu hudhani mashine imechakaa.

Filta nyembamba za inchi moja zikague kila mwezi majira ya baridi. Unapoweka mpya, mshale uliochorwa pembeni uelekee kwenye hita. Kisha rudisha mlango wa hita hadi ukae sawasawa: nyuma yake kuna kitufe, na kisipobonyezwa na mlango, hita haiwaki. Hili huwasumbua watu wengi mno.

Kufunga matundu ya hewa kwenye vyumba visivyotumika nako hakuokoi gesi kama tunavyoambiana. Kunabana hewa vilevile kama filta chafu.

Dhana: Isipowaka kabisa, inunuliwe nyingine.
Karibu na hita huwa kuna swichi inayofanana kabisa na ya taa. Mara nyingi mtu ameizima akipita beismenti, chumba cha chini ya nyumba. Angalia pia betri za thamostati na fyuzi ya hita kwenye kisanduku cha umeme. Hita za kisasa zinazotoa moshi kwa bomba la plastiki ukutani hujizima theluji ikiziba bomba hilo. Toka nje ukaifagie. Moto ukiwaka sekunde chache kisha ukazimika, mara nyingi kijiti kinachohisi moto kimeshika uchafu, na kukisafisha ni kazi fupi kwa fundi. Mwambie pia taa ndogo ndani ya hita inamulika mara ngapi, maana idadi hiyo ndiyo inayotaja hitilafu.

Dhana: Sumu ikivuja utainusa.
Hapa naomba tusikilizane vizuri. Harufu ya yai bovu ni ya gesi yenyewe, kwa sababu huongezewa dawa ili inukie. Ukiinusa, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Tokeni nje kwanza, kisha upige simu. Lakini kaboni monoksidi, sumu inayotokana na moto usioungua vizuri, haina harufu, rangi wala ladha. Ni sumu ileile tuliyoonywa nayo nyumbani, ya kulala na jiko la mkaa chumbani. Kwa hiyo hita ikigoma usiku, msiingize jiko la mkaa ndani wala msiote moto kwenye oveni ya gesi.

Weka kengele ya kaboni monoksidi kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, na ujaribu betri zake. Ikilia, au watu kadhaa nyumbani wakiumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu kwa pamoja, toeni watoto nje, mpige 911 mkiwa huko, na asirudi mtu ndani hata kufuata koti mpaka wazima moto waruhusu.