Maana ya ngozi na matabaka yake, na kwa nini si kila kinachowasha ni fangasi

Wengi tukisikia neno ngozi tunafikiria lile ganda la juu tu, kile kitu unachopaka mafuta ukitoka kuoga basi. Ila ngozi ni kiungo kamili kama ilivyo ini au moyo, tena ndio kiungo kikubwa kuliko vyote, ya mtu mzima ukiitandaza chini inafika kama mita za mraba 1.5 hadi 2. Na haiko moja, ina matabaka matatu yaliyolaliana, na mimi naona mtu akishayaelewa haya matabaka nusu ya maswali yake ya magonjwa ya ngozi yanajijibu, kwa sababu kila ugonjwa una tabaka lake unalopenda kukaa na dawa inayofaa inategemea hapo.

Tabaka la juu linaitwa epidemisi. Ni jembamba sana, kwa wastani kama milimita 0.1, kwenye kope ni nusu ya hapo na kwenye nyayo ndio linakuwa nene mpaka kama milimita 1.5. Halina mishipa ya damu kabisa. Angalia siku ukijikwaruza na kucha kidogo tu, unaona mstari mweupe kama wa chaki na damu haitoki, hapo umegusa epidemisi peke yake na kovu huwezi kupata. Damu ikitoka ujue umeshazama tabaka la pili.

Seli za epidemisi zinazaliwa chini kabisa halafu zinasukumwa kwenda juu polepole, njiani zinajaa keratini, ile ile inayotengeneza kucha na nywele, zinakufa, zinakuwa bapa, zikifika juu zinabanduka bila wewe kujua. Safari nzima ni kama wiki 4. Pale juu zile seli zilizokufa zimepangana kama matofali na katikati yake kuna mafuta yanayozishika kama udongo unavyoshika tofali, na huo ukuta ndio unaozuia maji ya mwilini yasitoke na uchafu na vijidudu visiingie. Shika hapo kwenye ukuta tutarudi.

Chini kwenye hiyo hiyo epidemisi kuna seli za melanosaiti, hizi zinatengeneza melanini yaani rangi. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba mtu mweusi tii na mtu mweupe pee wana idadi karibu sawa ya hizi seli, tofauti iko kwenye kiasi na aina ya rangi zinayotoa na jinsi inavyosambazwa.

Tabaka la pili ni demisi. Humu ndio kuna uhai wenyewe, kolajeni inayoipa ngozi nguvu, elastini inayoifanya ivutike na kurudi, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, vitezi vya jasho, mashina ya nywele na vitezi vya mafuta. Wino wa tatuu unawekwa humu, ndio maana haufutiki, ungewekwa kule juu ungebanduka wote ndani ya mwezi. La tatu ni la mafuta, linatunza joto na kukukinga ukigongwa, halina maneno mengi.

Sasa twende kwenye magonjwa, nianze na pumu ya ngozi kwa sababu hii inatesa watoto sana. Hapa tatizo ni ule ukuta. Mwaka 2006 wanasayansi walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya protini inayoitwa filagrini, na hii protini ni moja ya vitu vinavyofanya ukuta ushikane vizuri. Ukuta ukiwa na nyufa maji yanatoka, ngozi inakauka, vitu vya nje vinapenya, kinga ya mwili inachachamaa, mtoto anawashwa anajikuna, na kule kujikuna kunazidi kubomoa ukuta, basi inakuwa mzunguko usioisha. Mtazame mtoto mwenye nayo kwenye mkunjo wa kiwiko au nyuma ya goti, ngozi imekuwa nene na nyeusi zaidi, mistari yake imekolea kwa ajili ya kukunwa. Haiambukizi, naomba hili lieleweke, mtoto asitengwe. Tiba yake inaanza na kuziba nyufa, mafuta mazito yasiyo na manukato, yapakwe mara tu baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu, na ikichachamaa daktari anaongeza krimu ya steroidi kutuliza.

Soriasisi nayo ni ya epidemisi ila yenyewe ni haraka, ile safari ya wiki 4 inakwenda kwa siku 3 mpaka 5, seli zinarundikana juu kabla hazijakomaa, unaona magamba manene kwenye viwiko, magoti na kichwani. Nayo haiambukizi.

Fangasi ni hadithi nyingine na hapa ndipo nina uchungu. Fangasi wa choa wanakula keratini, kwa hiyo wanakaa kwenye lile ganda lililokufa, kwenye kucha na kwenye nywele. Choa ina sura yake, duara ambalo ukingo umeinuka una magamba na vipele vidogo, katikati panaanza kupona. Mpwa wangu alipata duara kama hilo shavuni dogo tu kama kitufe cha shati, akapewa krimu ya steroidi kwa kuwa inawasha, na kweli muwasho ukaisha siku ya pili watu wakafurahi, baada ya wiki tatu duara limefika mpaka shingoni na halina hata umbo la duara tena. Sababu ni rahisi, steroidi inainyamazisha kinga ya mwili, muwasho na wekundu ni kinga inapigana, ukiinyamazisha fangasi anabaki anajitanulia bila kubughudhiwa. Krimu ile ile iliyo msaada mkubwa kwenye pumu ya ngozi ndiyo inayoharibu kwenye choa. Na zile krimu zilizochanganya dawa tatu kwa moja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, zina shida hiyo hiyo, zinakupa nafuu ya haraka huku ugonjwa unajificha. Mapunye ya kichwani pia, hao fangasi wameingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina kule chini, krimu haifiki, lazima vidonge.

Chunusi zinaanzia kwenye demisi, kwenye tundu la unywele na kitezi chake cha mafuta. Mafuta yakizidi na seli zilizokufa zikaziba mdomo wa tundu, bakteria wanaoishi humo wanazaana, pamevimba. Kwa hiyo kusugua uso kwa sabuni kali mara tano kwa siku hakusaidii kitu, uchafu sio chanzo, unabomoa ukuta tu. Na kuminya ndio kabisa, unapasua tundu kwa ndani vitu vinamwagika kwenye demisi na kovu linazaliwa. Dawa za chunusi zinataka wiki 6 hadi 8 ndio uanze kuona kitu, wengi wanaacha wiki ya pili.

Upele sio sawa na vipele. Vipele ni kitu chochote kilichotokeza, upele ni ugonjwa wa mdudu wa jamii ya utitiri, jike lake linachimba handaki ndani ya epidemisi na kutaga mayai humo, ukiangalia katikati ya vidole unaweza kuona kimstari kidogo kilichopinda. Unawasha zaidi usiku. Mara ya kwanza kuupata muwasho unaweza kuchelewa wiki 4 mpaka 6, kwa hiyo asiyewashwa nyumbani anaweza kuwa nao tayari, ndio maana wote wanatibiwa siku moja hata kama ni mmoja tu anayejikuna.

Jambo lingine, picha nyingi za magonjwa zinaonyesha ngozi nyeupe yenye wekundu. Kwenye ngozi nyeusi huo wekundu mara nyingi unatokea kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, usiseme sina kwa kuwa haufanani na picha.

Na madoa mepesi usiyachukulie yote kuwa utangotango. Mbalanga inakuwa nyeupe kabisa kwa sababu melanosaiti zimepotea. Utangotango una magamba laini kama vumbi ukiukwaruza. Ila doa la ukoma linaweza kuwa halina hisia, maana bakteria wake wanashambulia mishipa ya fahamu iliyoko kwenye demisi. Chukua ncha ya pamba, mwambie mtu afumbe macho, gusa doa halafu gusa pembeni yake. Kama pembeni anasikia na kwenye doa hasikii, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, ukoma unatibika kwa vidonge na ukiwahiwa mikono na miguu inabaki salama.