Proteazi katika saratani ya tezi dume: maana yake na yale ambayo panya wametufunza

Proteazi ni kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukata protini. Mwili hauwezi kuishi bila proteazi, kwa kuwa ndizo zinazomeng'enya nyama tumboni, zinazosaidia damu kuganda penye jeraha na zinazobomoa tishu kuukuu ili mpya ichukue nafasi. Iliyo maarufu kuliko zote miongoni mwa wazee wa Lubumbashi, ingawa wachache huijua kwa sura hiyo, ni PSA, ile ambayo daktari huagiza ipimwe katika damu anaposhuku ugonjwa wa tezi dume. Kazi yake ya asili ni kukata protini zinazofanya manii kuwa mazito, ili mbegu zipate kuogelea. PSA ikizidi katika damu, huwa ni ishara kwamba tezi ina hitilafu, iwe ni saratani, kutanuka kwa tezi uzeeni au maambukizi, na kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakithibitishi saratani.

Seli za tezi zimekaa juu ya utando mwembamba uliofumwa kwa kolajeni na protini nyingine, na seli ya saratani haifiki kwenye mifupa kabla ya kuuvuka. Hapo ndipo zinapoingia metaloproteazi, kundi la proteazi linalofupishwa MMP, ambazo haziwezi kukata chochote bila chembe ya zinki, madini yale yale yanayochimbwa Kipushi, mji wa migodi karibu na Lubumbashi.

Kipande cha nyama kilichotolewa kwa mgonjwa kinaonyesha kwamba kimeng'enya kipo, lakini hakisemi kama ndicho kinachoeneza ugonjwa au kimefuata tu. Kwa sababu hiyo watafiti hutumia panya ambao jeni zao zimebadilishwa hata wakapata saratani ya tezi dume wenyewe, kama wale wa aina ya TRAMP waliotangazwa mwaka 1995, kisha huongeza au huondoa kimeng'enya kimoja na kutazama kinachotokea. Mwaka 2004 ilionekana kwamba hepsini, proteazi iliyozidi katika saratani nyingi za tezi dume, ikiongezwa kwa panya huuvuruga utando ule; peke yake haikuleta saratani, ila kwa panya ambao tayari walikuwa na uvimbe ilichochea saratani kusambaa hadi kwenye ini, mapafu na mifupa.

Kwa MMP mambo hayakunyooka hivyo. Panya wenye saratani ya tezi dume waliokosa MMP-2, mojawapo ya kundi hilo, walipata uvimbe mdogo zaidi na wakaishi muda mrefu zaidi, lakini waliokosa MMP-9 hawakupata nafuu hiyo, na uvamizi wa saratani kandokando ya mishipa ya damu ukaongezeka. Kwetu Katanga mchwa hutafuna fremu za milango, na bado udongo wa kichuguu chao ndio unaofyatuliwa tofali. Vimeng'enya hivi navyo hubomoa hapa na kujenga pale. Kwenye mfupa, MMP-7 haitoki hata kwa seli za saratani, bali kwa seli za mfupa wenyewe zilizo karibu na uvimbe, nayo hukata RANKL, protini inayochochea seli zinazokula mfupa, na kuiachia huru, na mfupa ukazidi kuliwa.

Nadhani kupuuza tofauti hizo kulichangia kushindwa kwa dawa za kuzuia MMP zote kwa pamoja, zilizojaribiwa kwa wagonjwa kuelekea mwaka 2000: hazikurefusha maisha kama ilivyotarajiwa, na wengi walipata maumivu ya viungo. Watafiti wengine wakageuza hoja, wakaitumia proteazi badala ya kuizuia. Sumu hufungwa kwa kipande cha protini ambacho PSA hukikata. Katika damu PSA imeshikwa na protini nyingine na haikati, hivyo sumu inatarajiwa kufunguka kwenye uvimbe, si katika damu. Lakini panya hana jeni ya PSA, na ili kuijaribu dawa ya namna hiyo kwa kawaida kwanza hupandikizwa seli za saratani ya binadamu, tena akiwa hana kinga ya mwili ya kuzikataa.