Sasisho la Windows Likigoma: Angalia Haya Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kompyuta ya nyumbani ikikataa kupokea masasisho, ushauri wa mtaani huwa mmoja: mpelekee fundi apige Windows upya. Fundi huimaliza kazi hiyo mchana mmoja, na mara nyingi picha za familia na hesabu za duka hupotea humo humo. Kwa tunayoyaona kwenye dawati letu la msaada, nyingi hazikustahili kufikishwa huko. Mfumo wenyewe ni mzima. Kilichogoma ni tarehe, nafasi kwenye diski, bando, au huduma ambayo mtu aliizima kwa makusudi.

Kwanza hakikisha kweli imekwama. Kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuganda kwenye asilimia ile ile kwa saa nzima huku kazi ikiendelea ndani. Tazama kitaa cha diski: kikiwa kinamwekamweka, iache. Laptopu ikae kwenye chaji muda wote. Ya mezani, kama umeme wa kwenu ni wa kukatika-katika, usiianzishie sasisho kubwa bila UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kwa kawaida Windows ikiwaka hujaribu yenyewe kurudisha mambo yalivyokuwa, iache imalize. Kuizima tena na tena kwa kukosa subira ndiko kunakoharibu mafaili ya mfumo.

Sasisho likishindwa, skrini huonyesha namba inayoanza na 0x. Ipige picha kwa simu. Ukimwambia mtaalamu "imegoma" hujamwambia kitu, lakini ukimpa namba umeshamwonyesha pa kuanzia. Kwa mfano, 0x80070070 maana yake diski imejaa. Na 0x80072F8F mara nyingi huelekeza kwenye saa.

Hili la saa tulizungumze kwa kirefu, maana wengi hawaamini kwamba saa mbovu inaweza kuzuia sasisho. Kompyuta inapowasiliana na seva za Microsoft hukagua cheti cha usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2012 itakiona cheti cha leo kuwa bado hakijaanza kutumika, na itakata mawasiliano. Kompyuta za mezani za mtumba zina ugonjwa huu sana kwa sababu betri ndogo iliyo kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani) imeshachoka. Dalili yake ni rahisi: unairekebisha saa leo, unazima na kuchomoa waya, kesho tarehe imerudi nyuma tena. Betri yenyewe ni ya mviringo kama sarafu, nyingi zimeandikwa CR2032, aina ile ile inayotumika kwenye funguo za rimoti za magari mengi. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kompyuta, sukuma kibanio kando na betri itaruka juu yenyewe. Weka mpya huku upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kisha rekebisha tarehe na ukanda wa saa. Kwa Afrika Mashariki chagua Nairobi, UTC+3. Ujaribu sasisho tena kabla hujagusa kitu kingine.

Nafasi kwenye diski haina siri. Kwa sasisho kubwa la toleo, acha walau GB 20 wazi kwenye diski C. Anza na folda ya vilivyopakuliwa, ambamo filamu na mafaili ya WhatsApp hurundikana, halafu pipa la taka, halafu folda iitwayo Windows.old kama ipo. Hiyo iondoe kupitia mipangilio ya hifadhi, usiifute kwa mkono.

Bando nalo lina mambo yake. Ukiwa umeiambia Windows kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo (metered), itaacha kupakua masasisho mengi, na wewe utadhani imeharibika. Fungua mipangilio ya mtandao uone kama alama hiyo imewashwa. Ukishaizima, jipange, kwa sababu masasisho ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, na kwa saa zetu huanza kupatikana kama saa mbili au saa tatu usiku. Mwenye bando la usiku anaweza kusubiri lianze ndipo apakue. Pia zima kile kipengele kinachoruhusu kompyuta yako kuwagawia watu wengine intanetini masasisho uliyopakua kwa bando lako. Sioni kwa nini mtu anayenunua data kwa megabaiti awagawie asiowajua.

Kisha kuna huduma iliyozimwa. Fundi akishapiga Windows ambayo haijalipiwa, mara nyingi huzima masasisho ili kile "kiamsho" alichoweka, yaani programu ya kuifanya Windows ionekane imelipiwa, kisiondolewe, na mteja haambiwi. Andika services.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, shuka hadi Windows Update, uone kama imewekwa kwenye hali ya kuzimwa (Disabled). Irudishe kwenye kuwaka inapohitajika (Manual). Ikiwa baada ya kuwasha upya imejizima tena, kuna programu inayoizima, na programu ya namna hiyo mimi nisingeiamini na nywila ya benki. Kuzima masasisho si jambo dogo. Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu, dhidi ya ule uliotumiwa na WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, tarehe 14 Machi 2017. Kirusi chenyewe kilisambaa tarehe 12 Mei mwaka huo, karibu miezi miwili baadaye, na hata hivyo kikazifunga kompyuta katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Zilizofungwa ni zile ambazo kiraka hakikuwa kimefika.

Kama hayo yote yako sawa na bado inagoma, huenda kilichopakuliwa kimeharibika. Tafuta cmd, bofya kulia, uifungue kama msimamizi, kisha andika amri hizi moja moja:

net stop wuauserv
net stop bits
ren C:\Windows\SoftwareDistribution Zamani
net start bits
net start wuauserv

Hapo umeibadilisha jina folda ya vipakuliwa ili Windows itengeneze mpya. Orodha ya masasisho ya nyuma itaonekana tupu. Usishtuke, masasisho yenyewe hayajaondoka. Mambo yakikaa sawa, futa folda ya Zamani. Ikishindikana, kwenye dirisha lile lile la cmd endesha amri za kurekebisha mafaili ya mfumo: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, halafu sfc /scannow. Amri ya kwanza hupenda kuganda karibu na asilimia 62 kwa dakika kadhaa. Iache.

Kosa pia linaweza kuwa la Microsoft wenyewe. Januari 2024, sasisho KB5034441 (KB ni namba ambayo Microsoft hulipa kila sasisho) la Windows 10 lilishindwa kwenye kompyuta nyingi kwa namba 0x80070643, kwa sababu sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili ya kuokolea mfumo ilikuwa ndogo mno. Mtumiaji hakuwa amekosea popote. Ukiona sasisho lenye namba fulani ya KB linagoma huku mengine yakipita, itafute namba hiyo kwenye kurasa za Microsoft kabla hujaivuruga kompyuta nzima.

Kabla ya hatua yoyote nzito, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kwenye laptopu mpya, ingia pia kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike ufunguo wa BitLocker (kinga inayofunga diski kwa msimbo), tarakimu 48, kwenye karatasi. Baadhi ya masasisho huifanya kompyuta iuulize ufunguo huo inapowaka, na asiyekuwa nao hawezi kufungua diski yake mwenyewe.

Mwisho, andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia uone toleo lako. Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kukosa masasisho mapya kwenye mfumo huo si hitilafu. Watumiaji wa nyumbani wenye toleo la 22H2 waliwekewa mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na hujiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, na kwa upande wa Intel Core, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Zile i5 za kizazi cha nne na cha sita zilizojaa madukani hazimo. Kwa mashine ya aina hiyo inayotumika kuandikia barua na kuperuzi, Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, haina malipo na masasisho yake hayadai prosesa mpya. Mwenye duka aulize kwanza kama programu yake ya mahesabu inakubali kufanya kazi humo.